Mpiga Ngoma na Kazi Zake Tatu

Watu wa pwani wana mithali isemayo, "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake." Maana yake ni kwamba kila mtu hupendelea jambo limfaalo yeye mwenyewe. Mithali hiyo ni ya kweli kwa tabia ya wanadamu. Lakini mtu akikaa karibu na fundi wa ngoma, akamtazama kazini, ataona jambo jingine tena. Fundi huvuta ngozi kwake, kisha huzunguka akaivuta upande wa pili, na wa tatu, hata ikakazika sawasawa pande zote. Ngozi iliyovutwa upande mmoja tu haitoi sauti njema.

Ndivyo ilivyo kazi ya mpiga ngoma. Wengi hudhani kwamba kazi yake ni moja tu, yaani kupiga. Lakini mpiga ngoma kamili ana kazi tatu: kupiga, kufundisha, na kusimamia mambo ya ngoma ili yapate kudumu. Upande mmoja ukilegea, sauti yote huharibika.

Ngoma za Boko

Upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, katika njia kuu iendayo Bagamoyo, ukisha kupita Tegeta na kabla ya kufika Bunju, pana mahali paitwapo Boko. Nchi hii tangu zamani ni ya Wazaramo, watu wa mashamba ya minazi na mihogo. Siku hizi mji umekua hata umeifikia Boko na kuipita, na mahali palipokuwa na mashamba pamejaa nyumba za watu wa makabila mengi.

Hata hivyo ngoma haijanyamaza katika vitongoji hivi. Mojawapo ya ngoma za Wazaramo ni mdundiko, ambayo haichezwi mahali pamoja, bali wapigaji hutembea njiani, na wachezaji na watazamaji hufuatana nao. Watoto huifuata kwa furaha bila kuangalia waendako, na mara nyingi hujikuta wako mbali na kwao, jua limekuchwa, nao hawaijui njia ya kurudi. Kwa sababu hiyo mama wengi wa Dar es Salaam huwaonya watoto wao wasiufuate mdundiko.

Onyo hilo ni la haki. Lakini katika watoto wale kumi au ishirini wafuatao ngoma, pengine yumo mmoja ambaye hakuvutwa na wingi wa watu wala na makelele. Yeye hutazama mikono ya mpigaji. Akirudi nyumbani hupiga kopo, na meza, na mlango. Je, mtoto wa namna hiyo aweza kuifanya ngoma kuwa kazi ya maisha yake? Na ikiwa aweza, apite njia gani?

Ala zenyewe

Kwanza yampasa kuzijua ala. Mwaka 1914 wataalamu wawili wa muziki, Hornbostel na Sachs, walizipanga ala zote za dunia katika makundi. Ala za kupigwa waliziweka mbali mbali kwa kufuata kitu kinacholia. Katika kundi moja ni mwili wa ala wenyewe unaolia, kama vile upatu, kayamba, manyanga na njuga. Katika kundi jingine ni ngozi iliyowambwa inayolia, kama vile ngoma na matari.

Ngoma nazo si za namna moja. Msondo ni ngoma ndefu. Vumi ni ngoma ya sauti nene ivumayo. Chapuo ni ngoma ndogo ya sauti nyembamba na nyepesi. Mzinga wa ngoma huchongwa kwa gogo la mti mgumu usiopasuka upesi, kama mninga au mfenesi. Ngozi hutoka kwa mbuzi au ng'ombe. Na katika Uganda, ngoma ndefu iitwayo engalabi huwambwa ngozi ya kenge.

Sababu ya tofauti ya sauti ni hii. Ngozi ikipigwa hutetemeka, nayo huitikisa hewa, na mtikisiko huo hufika masikioni. Ngozi ndogo iliyokazwa sana hutetemeka mara nyingi katika sekunde moja, na sauti yake ni nyembamba. Ngozi kubwa iliyolegea hutetemeka mara chache, na sauti yake ni nene. Hata katika ngoma moja sauti hubadilika: kiganja kikipiga katikati, sauti ni nzito, vidole vikipiga ukingoni, sauti ni kali. Tena wako wapigaji wabandikao nta katikati ya ngozi. Nta huongeza uzito, ngozi ikatetemeka polepole zaidi, na sauti ikashuka.

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na ngozi hunyonya unyevu huo ikalegea. Ndiyo sababu wapigaji huwasha moto wa majani makavu kabla ya kuanza, wakaziotesha ngoma zao. Mtu asiyejua hudhani huo ni mchezo au ushirikina, kumbe ni kazi ya akili: moto huondoa maji, ngozi hukazika, na sauti hupanda. Ngoma ikizidi kukaa motoni, ngozi hupasuka. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuchunga moto kabla ya kukabidhiwa ngoma.

Kazi ya kwanza: kupiga

Ni shida kumtaja mpiga ngoma wa Tanzania aliyesikiwa na watu wengi kuliko Morris Nyunyusa, ambaye watu walizoea kumwita Mzee Morris. Mzee huyu alikuwa kipofu. Alizipanga ngoma zake zikamzunguka, zapata kumi, akazipiga zote peke yake. Redio Tanzania Dar es Salaam ilizichukua sauti za ngoma zake zikawa za kutangulia taarifa ya habari. Kwa miaka mingi, katika miji na vijiji, watu waliposikia ngoma zile walinyamazishana, kwa kuwa walijua kwamba habari za nchi zinakuja.

Mwaka 1970 yalifanywa maonyesho makubwa ya mataifa katika mji wa Osaka, nchi ya Japani. Mataifa mengi yalipeleka huko mashine zao, na vyombo vyao, na mali zao. Tanzania ilimpeleka pia Mzee Morris pamoja na ngoma zake. Wageni wasiojua neno moja la Kiswahili walimsikiliza mtu asiyewaona.

Yafaa kufikiri jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu. Mtu apigaye ngoma nyingi hana budi kuipa kila ngoma sauti yake, nyingine juu, nyingine chini. Hana budi kuweka pigo moja lisilobadilika, kama mapigo ya moyo, na mapigo mengine yalizunguke hilo bila kulivuruga. Mkono wa kuume na wa kushoto kila mmoja una neno lake, lakini maneno hayo mawili lazima yaafikiane. Mwenye macho hutazama ngoma anayotaka kuipiga. Asiyeona hana budi kujua mahali pa kila ngoma kwa mkono wake, kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake gizani.

Katika siku za Mzee Morris, na hata leo, wako watu wamdhaniao kipofu kuwa ni mtu wa kuomba tu. Yeye hakuomba. Alifanya kazi, na kazi yake ikatumiwa na taifa zima. Ustadi wake haukuwahurumisha watu; uliwastaajabisha.

Kazi ya pili: kufundisha

Lakini mpigaji ni mwanadamu, na mwanadamu hufa. Ngoma yake hubaki ukutani, nayo haisemi. Kwa hiyo kazi ya pili ni kufundisha.

Ngoma za Afrika ya Mashariki kwa kawaida hazikuandikwa katika karatasi. Mwalimu huutamka mdundo kwa mdomo, kwa silabi fupi, na mwanafunzi huitikia, hata mdundo ukae kinywani kabla ya kukaa mikononi. Kisha hupewa pigo jepesi, akalirudia kwa muda mrefu bila kuchoka. Wengi hushindwa hapo, kwa sababu wataka kupiga mapigo ya madaha kabla ya kujua kushika pigo moja. Kupiga pamoja na wenzake kwataka unyenyekevu.

Mfano mzuri wa jambo hili umo Uganda, katika ala iitwayo amadinda. Ni mbao kumi na mbili zilizolazwa juu ya magogo ya migomba. Wapigaji wawili hukaa wakielekeana. Mmoja hupiga mfululizo wake, na wa pili hupiga wake katikati ya mapigo ya yule wa kwanza, kama meno ya kitana kimoja yaingiavyo katika nafasi za kitana kingine. Mpigaji wa tatu hutumia mbao mbili za mwisho tu, zile ndogo. Msikilizaji husikia wimbo mmoja mwepesi, wala hawezi kutambua ni nani aliyepiga sauti ipi. Kumbe wimbo ule haumo mkononi mwa mtu mmoja. Umo kati yao.

Evaristo Muyinda alikuwa stadi wa ala hiyo. Alikuwa mpigaji katika jumba la Kabaka kule Mengo, kisha akafanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala, akiwaonyesha watu ala za nchi na jinsi zinavyopigwa. Aliwafundisha vijana wa kwao, na wageni pia. Mmoja wao alikuwa Gerhard Kubik wa Austria, ambaye baadaye aliandika vitabu juu ya muziki wa Afrika.

Faida ya ufundishaji wake ilionekana wazi baada ya tarehe 24 Mei 1966. Siku hiyo jumba la Kabaka lilishambuliwa na majeshi ya serikali, Kabaka akakimbia nchi, na kazi ya wapigaji wa jumba ikakoma. Palikuwa na ngoma ziitwazo entenga, jumla yake kumi na tano. Kumi na mbili zilikazwa kwa vipimo vya sauti hata zikaweza kuimba wimbo, na tatu zilikuwa za kuongoza mdundo. Watu sita walizipiga pamoja. Ngoma hizo zilikuwa za Kabaka tu, wala hazikufundishwa ovyo nje ya jumba lake. Basi jumba lilipoanguka, entenga ilinyamaza. Lakini nyimbo za amadinda, zilizokuwa zimekwisha kufundishwa kwa watu wengi, ziliendelea kupigwa.

Entenga ilikaa kimya miaka kama hamsini. Hatimaye James Isabirye, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, aliwatafuta wapigaji wa zamani. Akapatikana mzee aliyekuwa bado hai na mwenye kukumbuka, naye akaketi pamoja na vijana akawafundisha. Laiti mzee yule angalifariki mapema kidogo, hapangalikuwa na mtu wa kuulizwa. Urithi wa miaka mingi ulikuwa umebaki katika kichwa kimoja chenye mvi.

Tanzania nayo ina chuo chake cha kazi hii, tena si mbali na Boko. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho mwaka 2007 kilifanywa kuwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko wanafunzi hujifunza ngoma, muziki, maigizo na sanaa nyingine. Mzaramo aweza kujifunza ngoma za Wamakonde, na Mhaya akajifunza ngoma za Wazaramo. Mmoja wa walimu waliojulikana huko alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, stadi wa ilimba na zeze. Alipiga mbele ya watu wa nchi nyingi, akafundisha jamaa zake na wanafunzi, hata akafariki mwaka 2003.

Kazi ya tatu: kusimamia

Kazi ya tatu haionekani uwanjani, wala haipigiwi makofi. Ni kazi ya meza, na kalamu, na daftari ya hesabu. Kikundi cha ngoma kikialikwa mbali, pana mtu apasaye kuandika barua ya kukubali, kutafuta gari, kuandika mapatano, kupokea fedha na kuzigawanya kwa haki. Ngozi zikipasuka, pana mtu apasaye kujua fedha za kununua nyingine zimewekwa wapi. Kazi hii isipofanywa vema, wapigaji hugombana, na kikundi huvunjika hata kama wote ni mastadi.

Taifa pia lina kazi hiyo. Tarehe 10 Desemba 1962, Tanganyika ilipokwisha kuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba anaunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwa kuwa wengi waliosoma walijua dansi za Ulaya, na ngoma za babu zao hawakuzijua. Baadaye kiliundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Mwaka 1984 sheria ilitungwa ya kuunda Baraza la Sanaa la Taifa, na mwaka 1999 ikatungwa sheria ya hakimiliki. Sheria hii ya pili yampasa kila mpigaji kuijua. Zamani mtu aliyepiga ngoma alisikiwa na waliokuwapo tu. Sauti ikisha kunaswa katika chombo, yaweza kurudiwa mara elfu mahali ambapo mwenyewe hayupo, na wengine wakapata faida. Sheria humpa mwenye kazi njia ya kudai haki yake. Lakini asiyesoma mapatano kabla ya kuyatia sahihi hujipokonya haki hiyo kwa mkono wake.

Jambo moja la Bagamoyo laonyesha uzito wa usimamizi. Mwaka 2002 ukumbi mkubwa wa michezo wa chuo uliungua moto. Hasara ilikuwa kubwa, na watu wangaliweza kuvunjika moyo. Lakini walimu waliendelea kufundisha, na wasimamizi wakatafuta msaada, hata ukajengwa ukumbi mwingine mkubwa. Tamasha la sanaa la Bagamoyo, lililoanza katika miaka ya 1980, halikufa kwa moto ule. Wapigaji peke yao wasingaliweza kujenga ukumbi kwa ngoma zao. Wala wasimamizi wasingalikuwa na haja ya ukumbi kama wapigaji wasingalikuwapo.

Hapo ndipo mithali ya ngozi inapopata nguvu. Msimamizi ana mamlaka ya fedha na safari. Akiivutia ngozi kwake, akawapeleka ndugu zake badala ya mastadi, au akaficha hesabu, ngoma yote huharibika. Msimamizi mwema huzunguka kama fundi, akavuta kila upande sawasawa.

Ngoma na Kanisa

Wamisionari wengi waliokuja katika nchi hizi waliikataza ngoma kwa Wakristo. Waliona ulevi na mambo ya matambiko yaliyofuatana na baadhi ya ngoma, wakaikataa ngoma yenyewe pamoja na hayo. Kwa hiyo Wakristo wengi walilelewa wakidhani kwamba ngozi na gogo ni vitu viovu.

Baadaye mambo yalichunguzwa upya. Mwaka 1958, kule Kamina katika Kongo, Padre Guido Haazen alitengeneza pamoja na waimbaji wake Misa iliyoimbwa kwa sauti na midundo ya Kiafrika, ikaitwa Missa Luba. Mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alitoa kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya ibada, na ndani yake ukaagiza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake na nafasi katika sala. Leo ngoma husikika makanisani katika sehemu nyingi za Tanzania. Gogo ni lile lile, na ngozi ni ile ile. Kilichobadilika ni kujua kwamba uovu au wema haumo katika ala, umo katika moyo wa mtu na katika kazi anayoitia ala yake.

Njia ya mtoto wa Boko

Basi yule mtoto wa Boko apigaye mlango wa nyumba yao ana njia mbele yake. Kwanza asiache shule, maana mpiga ngoma asiyejua kusoma mapatano wala kufanya hesabu hudhulumiwa. Pili awatafute wazee wa ngoma walio karibu naye na kuwatumikia kwa adabu, maana elimu yao haimo vitabuni, nayo hupotea wanapokufa. Tatu aweza kwenda Bagamoyo, kwa njia ile ile ipitayo mbele ya kwao. Na akisha kuwa stadi, asidhani amemaliza: awafundishe wengine, tena akubali kukaa mezani na daftari ya hesabu zamu yake itakapofika.

Mama yake amwonyapo asiufuate mdundiko, asimkasirikie. Kuifuata ngoma bila kujua iendako ni kupotea. Kuijua ngoma, ilikotoka na inakokwenda, ni kazi ya heshima.

Maswali

1. Eleza kwa nini wapigaji huziotesha ngoma zao motoni kabla ya kuanza kupiga.
2. Kwa nini entenga ilinyamaza baada ya mwaka 1966, na nyimbo za amadinda hazikunyamaza?
3. Mzee Morris alikuwa kipofu. Taja mambo mawili aliyohitaji kuyajua ili apige ngoma nyingi peke yake.
4. Je, msimamizi wa kikundi cha ngoma aivutiaje ngozi kwake? Toa mfano wako mwenyewe.
5. Mwulize mzee mmoja wa jirani jina la ngoma iliyochezwa kwao zamani, nani aliipiga, na nani aijuaye sasa. Andika majibu yake.